Mistari Tisa: Barua ya Wazi kwa Wajukuu wa Dada Yangu

Wajukuu zangu,

Nawaandikia kutoka Muheza, nikiwa nimekaa kwenye baraza ile ile mliyoiacha siku tatu baada ya maziko. Nimesubiri matanga yaanuliwe na turubai lirudishwe kwa mwenyewe ndipo nishike kalamu, kwa sababu sikutaka neno la hasira linitoke mbele ya kaburi ambalo udongo wake ulikuwa bado mbichi. Mimi ni mjomba wa wazazi wenu na babu yenu, na tuliyemzika ni dada yangu wa tumbo moja, aliyenilea tangu nikiwa na umri wa miaka minne. Ninaandika kwa uwazi, badala ya kumwita kila mmoja wenu faraghani, kwa kuwa jambo lililoniudhi lilitendeka mbele ya umati, na kwa kuwa nimehudhuria misiba ya kutosha mwaka huu kutambua kwamba si la nyumba yetu peke yake.

Siku ya maziko mlisoma wasifu wa bibi yenu. Ulikuwa umechapwa kwenye karatasi nzito yenye rangi, na picha yake aliyopigwa kwenye harusi ya mmoja wenu ilikuwa juu. Niliihesabu mistari iliyomhusu, ikawa tisa. Ilisema kwamba alizaliwa mwaka 1938, kwamba alikuwa Mbondei, kwamba hakubahatika kupata elimu, kwamba alikuwa mkulima, kwamba aliolewa na kujaliwa watoto 6, wajukuu 23 na vitukuu 11, kwamba alisumbuliwa na presha, na kwamba Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Baada ya hapo ukafuata ukurasa mzima wa majina yenu, ukieleza nani ni mhasibu, nani ni mhandisi, nani yuko ng'ambo na nani ametuma salamu za rambirambi kwa njia ya simu. Msomaji alitumia dakika moja kwa marehemu na dakika saba kwa walio hai, kisha akashuka jukwaani huku akipongezwa kwa sauti yake nzuri.

Ningevumilia ufupi kama yaliyoandikwa yangekuwa kweli. Mwaka 1938 ulibuniwa na karani aliyemwandikisha kitambulisho, ambaye alimtazama mikunjo ya uso akamkadiria, naye dada yangu hakubishana kwa kuwa foleni ilikuwa ndefu na jua kali. Kitabu cha ubatizo cha kanisa la Magila kinaonyesha kwamba alibatizwa mwaka 1946 akiwa mtoto mchanga, na baba yetu alizoea kutuambia kwamba alizaliwa wakati askari wa KAR, jeshi la Mwingereza la Afrika Mashariki, walipokuwa wakirejea kutoka Burma. Mmemzika bibi yenu kwa umri wa miaka 87, ilhali hakufikisha hata 80. Kutoka nyumbani kwake hadi Magila si safari ya kumchosha kijana, na kutoka chumba mlichokuwa mkiandikia wasifu hadi kwenye kiti nilichokuwa nimekalia ni hatua zisizozidi ishirini. Hakuna aliyezipiga.

Hilo la mwaka lingesameheka. Lililonikosesha usingizi ni moto. Mlipokuwa mkikitoa vitu chumba chake ili wageni wapate mahali pa kulala, mlifungua sanduku lake la bati, mkatoa kanga mkazigawana kabla hata mwenyewe hajazikwa, kisha mkakuta chini yake madaftari ya zamani yaliyofungwa kwa kamba ya mkonge. Kijana mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa alilia sana nilipomweleza, aliyabeba hadi kwenye mafiga yaliyokuwa yakichemshia maji ya chai na kuyatumia kuchochea moto, kwa sababu kuni zilikuwa mbichi. Madaftari yale yalikuwa 12. Mama jirani aliyekuwa akipika aliliopoa moja likiwa limeungua nusu, akalifuta majivu kwa upindo wa kanga yake na kuniletea bila kusema neno. Ninalo hapa mezani ninapoandika. Mwanamke ambaye wasifu wenu unasema hakubahatika kupata elimu alikuwa ameandika maisha yake, na yenu, kwa mkono wake mwenyewe kwa zaidi ya miaka arobaini.

Sasa nisikilizeni, niwape sehemu ya yale ambayo mngeyakuta humo.

Baba yetu hakuwa mtu wa Muheza. Alikuwa Muha wa Kasulu, huko Kigoma, na aliletwa Tanga wakati wa vita vya Hitla kuja kukata mkonge. Wajapani walikuwa wameziteka nchi za mashariki ya mbali zilizokuwa zikitoa nyuzi za kamba, na serikali ya Mwingereza ikawa inakusanya vijana, wengine kwa hiari na wengine kwa lazima, na kuwaleta mashambani. Alipanda treni ya Reli ya Kati akiwa hajawahi kuona treni, kisha lori, kwa kuwa wakati huo reli hiyo ilikuwa bado haijaungana na reli ya Tanga. Alipofika alipewa kipande chenye nafasi za siku 30 na namba ya kuitwa wakati wa hesabu ya asubuhi. Ndiyo asili ya neno manamba mnalolitumia leo kwa mzaha. Shuleni nilifundisha kwa miaka mingi kwamba mkonge uliingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na kwamba katika miche aliyoiagiza ilinusurika 62 tu, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Wanafunzi wangu walilijua jibu hilo kwa moyo. Idadi ya miche tunaikumbuka, lakini wanaume waliochomwa na miiba ya mkonge huo tangu alfajiri, wakifunga majani thelathini thelathini kwa kila mzigo, wameondoka na majina yao, na mmoja wao alikuwa baba wa bibi yenu.

Mama yetu ndiye aliyekuwa Mbondei, Mkristo wa Magila, na ndugu zake hawakufurahia binti yao kuolewa na mtu wa kambini ambaye ukoo wake haukujulikana. Bibi yenu alizaliwa katikati ya manung'uniko hayo. Alipewa jina la ubatizo ambalo nyote mnalijua, na baba akampa jina jingine la Kiha ambalo halikutajwa msibani, kwa kuwa hakuna hata mmoja wenu aliyewahi kulisikia. Kila asubuhi hadi baba alipofariki mwaka 1969, dada yangu alikuwa akipiga goti mbele yake, akapiga makofi taratibu na kumsalimu kwa Kiha, "Mwakeye," na uso wa mzee yule ukabadilika kama mtu aliyerudi kwao. Sisi wengine tuliona haya kuzungumza lugha ya kambini. Yeye alielewa kwamba salamu ile ndiyo nauli pekee ambayo baba angeipata ya kurudi Kasulu, akampa kila siku.

Mama alifariki mwaka 1958. Dada yangu alikuwa na miaka 12 na alikuwa darasa la pili. Akaacha shule wiki hiyo hiyo bila kuambiwa na mtu, kwa sababu kulikuwa na mtoto wa miaka minne wa kupikiwa uji, na mtoto huyo ni mimi. Nakumbuka alivyokuwa akinibeba mgongoni kwenda kwenye uwanja wa kuanikia singa, ambako wanawake na watoto walikuwa wakilipwa senti chache kwa kuning'iniza nyuzi kwenye waya, na alivyokuwa akinilaza chini ya kivuli cha singa zile nyeupe zilizonukia majani yaliyochacha. Nakumbuka kwamba chakula kilipopungua alikuwa akila ukoko na kuniambia kwamba ukoko ndio mtamu, nami kwa miaka mingi niliamini hivyo na nikawa namwonea wivu. Nilipoingia chuo cha ualimu, sanduku nililokwenda nalo alilinunua yeye. Kwa hiyo msishangae sauti yangu ikiwa kali katika barua hii. Ninayemtetea alikuwa dada kwa kuzaliwa na mama kwa kazi.

Hadithi ya madaftari ilianza mkesha wa mwaka 1970, Mwalimu Nyerere alipotangaza kwamba mwaka unaoingia utakuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Darasa la ngumbaru lilifunguliwa chini ya mwembe ulio nyuma ya korona, kile kiwanda kilichokuwa kikisaga majani ya mkonge, na bibi yenu akajiandikisha akiwa na watoto watatu na mimba ya wa nne. Mumewe, babu yenu, alikuwa mtu mwema lakini alidhani jambo lile ni la kupoteza wakati. Dada alimjibu kwamba amechoka kumpelekea jirani barua zangu asomewe, kwa kuwa jirani huruka sehemu anazoona hazimhusu. Alijifunza kwa makaa kwenye mlango wa jikoni, na alama zake zilibaki pale kwa muda mrefu. Katika mtihani wa taifa wa kisomo wa mwaka 1975 alifaulu na kupewa cheti, nacho kilikuwa ndani ya sanduku lile lile la bati, kimekunjwa ndani ya Kitabu cha Sala. Sikukiona tena tangu siku ya maziko, na ninamsihi aliyekichukua akirudishe.

Tangu hapo aliandika. Hakuandika mambo ya kumfurahisha msomaji. Aliandika yaliyoingia na kutoka mlangoni kwake. Katika kurasa zilizopona nasoma tarehe ya kuzaliwa kwa wajukuu wanane, na mbele ya kila jina ameandika mkunga alikuwa nani, mama wa mtoto alikula nini, na nani alileta kuni. Nasoma mahesabu ya upatu wa wanawake kumi, ameweka alama ya msalaba kwa aliyekwisha kupokea, na pembeni mwa mmoja ameandika kwamba apewe zamu ya mwenzake kwa sababu mtoto wake anaumwa. Nasoma mstari huu wa mwaka 1984, ambao nimeusoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuwaeleza: "Jumapili. Wageni 4. Unga umekwisha. Tumekula." Hakusema walikula nini. Nilikuwepo wiki hiyo na ninajua kwamba aliuza kitenge chake kipya kwa kibaba cha unga wa yanga, ule unga wa mahindi ya njano uliotoka nje ya nchi, na wageni wakaondoka wakishukuru bila kujua.

Wajukuu zangu, daftari kama hilo ndilo mlilowashia moto wa chai. Sisemi haya ili mkae na uchungu usio na kazi. Nasema kwa sababu najua mlivyotazama maandishi yale ya kalamu ya risasi, yasiyo na nafasi kati ya neno na neno, mkaona ni karatasi za mzee asiyesoma. Mmefundishwa kuheshimu maandishi yenye mhuri. Kwenu kumbukumbu ni ile iliyo ofisini au iliyo ndani ya simu, na mtu asiye na faili hana historia. Nami nilikuwa mwalimu, kwa hiyo sehemu ya lawama hiyo inanihusu: tuliwafundisha watoto tarehe za wafalme na mikataba ya wakoloni, tusiwape hata siku moja kazi ya kwenda nyumbani kumuuliza bibi yake alizaliwa wapi, alilelewa na nani, na alikula nini mwaka wa njaa. Taifa likilea vijana wasioweza kumtaja mama wa bibi yao, lisishangae vijana hao wakidhani kwamba walijileta wenyewe duniani.

Kuhusu neno "mkulima" sitasema mengi. Kweli alilima, na michungwa ile iliyoko nyuma ya nyumba aliipanda kwa mkono wake. Lakini semeni pia kwa nini aliipanda. Mwaka 1964 nchi yetu ilivuna zaidi ya tani 200,000 za mkonge na ilionekana kwamba kazi haitakwisha kamwe. Kisha kamba za plastiki zikaingia sokoni, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na mwaka hadi mwaka korona zikawa zinanyamaza moja baada ya nyingine. Babu yenu alipunguzwa kazi, akaanza kuugua, akafariki mwaka 1981, wakati sabuni na sukari vilikuwa vikipatikana kwenye duka la kaya kwa foleni na kwa kipimo. Dada yangu alibaki na watoto sita, mdogo wao akiwa na miaka miwili. Alisuka mikeka, alikaanga vitumbua kabla ya jogoo, alibeba tenga la machungwa kichwani hadi stesheni kuwauzia abiria madirishani, na jioni alikuwa akihesabu senti kwenye mwanga wa kibatari na kuandika. Wote sita walimaliza darasa la saba, na wawili walifika sekondari, wakati ambapo nafasi za sekondari zilikuwa za kuhesabu kwa vidole. Nyote mlio mainjinia na wahasibu mmetoka kwenye tenga lile, na ukurasa wenu wa majina haukulitaja.

Nyumba yake haikuwahi kuwa ya watu wa nyumba hiyo peke yao. Kila usiku palikuwa na sahani moja iliyofunikwa kwa kawa, kwa ajili ya atakayechelewa, hata kama hakuna aliyetarajiwa, na mara nyingi asubuhi iliikuta sahani hiyo tupu. Waliolala kwenye mikeka yake walikuwa Wabondei, Wasambaa, Wadigo na Waha. Waislamu walikuta ndoo ya maji safi na mkeka wa kusalia, na kila mwezi wa Ramadhani alichelewesha chakula cha jioni cha nyumba nzima ili mpangaji wake mmoja asifuturu peke yake. Aligombana pia. Alikuwa na ulimi mkali, na kuna mkwe mmoja ambaye alimnunia kwa miaka saba kwa neno lililosemwa kwenye mahari, jambo ambalo nilimwambia usoni kwamba alikosea. Nalisema hili kwa sababu sitaki mtoke kwenye wasifu wa uongo mwingie kwenye wasifu wa sifa tupu. Mlimpoteza mtu, na mtu ana pande zake. Lakini mkwe huyo alipojifungua kwa shida, aliyekaa naye kucha saa kumi na nne alikuwa yeye, na mtoto aliyezaliwa usiku ule ndiye aliyeusoma wasifu wa mistari tisa.

Sasa nigeukie jambo ambalo nilitaka kulinyamazia nikashindwa. Kwa muda wa siku tatu, kamati ya mazishi ilikusanya michango iliyozidi shilingi milioni sita. Kulikuwa na turubai, viti vilivyovalishwa vitambaa, sare za kitenge cha aina moja, mpiga picha wa video aliyepanda juu ya kaburi la jirani ili apate pembe nzuri, na simu tatu zilizokuwa zikirusha maziko moja kwa moja kwa walio mbali. Mwezi mmoja kabla ya hapo, bibi yenu alikaa siku tisa bila dawa ya presha. Dawa hiyo haifiki hata elfu thelathini kwa mwezi. Alikosa kwa sababu kila mmoja alidhani mwenzake ametuma, na mimi ninayeandika nilikuwa miongoni mwa waliodhani, ingawa ninaishi umbali wa kutembea kwa mguu. Sijui kama siku tisa hizo ndizo zilizomwondoa, na sitamhukumu mtu. Ninachokijua ni kwamba hakumwambia yeyote, kwa kuwa alizoea kuwa yeye ndiye anayetoa, na sisi tulizoea hivyo kuliko yeye.

Huu umekuwa ugonjwa wetu Watanzania. Tumekuwa hodari wa kuchangia wafu. Mtu anayeshindwa kumtembelea mama yake mkubwa miaka mitatu anapatikana kwa saa mbili atoe ahadi ya mchango wa jeneza, na jina lake linasomwa kwa kipaza sauti. Fedha ya simu imetusaidia sana, siibezi, lakini imetupa pia njia ya kuwatunza wazee bila kuwaona. Ujumbe wa muamala unaingia, mzee anamwomba mtoto wa jirani amsomee kiasi, na mtumaji analala akiwa ametimiza wajibu. Bibi yenu alikuwa akijua kusoma, kwa hiyo aliusoma mwenyewe, kisha, kama nilivyomwona mara nyingi, akaurudia tena na tena akitafuta kama kuna neno jingine baada ya tarakimu. Aliyekuwa akikaa naye usiku, akimkanda miguu na kumsikiliza akisimulia, alikuwa binti wa kazi mliyemlipa mshahara. Binti huyo anamjua bibi yenu kuliko nyote, na siku ya maziko alikuwa jikoni.

Mambo mengine nayataja kwa ufupi, kwa kuwa hayahitaji maelezo. Deni lake la duka lilipwe mwezi huu. Mwenye duka ameona haya kudai. Binti aliyemtunza alipwe haki yake yote, apewe na kanga mbili kati ya zile mlizozigawana kabla ya wakati. Michungwa isikatwe wala shamba lisiuzwe kabla wazazi wenu wote sita hawajakaa kikao kimoja. Nyumba isifungwe kufuli. Upatu wake ulikuwa umebakiza zamu nne, na mmoja wenu azimalizie kwa jina lake. Mkwe na yule binti yake waombwe radhi kwa maneno yaliyosemwa jikoni usiku wa pili wa msiba.

Na ninyi mnaosema kwamba mlitamani kumuuliza lakini hamkupata nafasi, nawaambia kwa upole kwamba nafasi ilikuwepo. Kila Krismasi mlikuja. Mlipiga naye picha mlangoni, mmoja baada ya mwingine, naye alibadilisha kanga kwa ajili ya picha hizo. Alikuwa akikaa kwenye kigoda karibu na mnazi, anawatazama mnavyotazama simu, na zaidi ya mara moja nilimsikia akianza kusema, "Zamani baba yangu alikuwa..." na sentensi hiyo ikabaki hapo hapo, kwa kuwa kulikuwa na muziki. Sikuwakemea wakati huo. Nilidhani kuna Krismasi nyingine. Kosa hilo ni langu kama lilivyo lenu, na ndiyo maana sitaki likamilike.

Siku ya arobaini itaangukia Jumamosi. Sitaki sare, sitaki mpiga picha, na sahani za kukodi zibaki kwa mwenyewe; tutapika wali na samaki wa nazi kwa sufuria zake. Njooni Ijumaa, nyote mnaoweza, na kila mmoja aje na daftari jipya na kalamu ya wino. Mlio mbali mtapigiwa simu usiku huo mmoja baada ya mwingine, nanyi mtaeleza jambo moja tu ambalo bibi alikufanyieni ninyi wenyewe, na mwenzenu ataandika. Nitawatajia jina lake la Kiha na maana yake kama baba alivyoniambia, nanyi mtaamua nani katika vitukuu atalipokea. Nitawasomea daftari lililopona, ukurasa kwa ukurasa, na mahali lilipoungua nitajaribu kuwaambia ninachokumbuka. Asubuhi ya Jumamosi tutakwenda Magila kukiomba kitabu cha ubatizo, ili jiwe la kaburi litakapowekwa liwe na mwaka wa kweli.

Kabla ya yote hayo kuna kazi ya haraka. Katika kambi ya zamani, nyumba ya tatu kutoka lilipokuwa korona, yupo bibi mmoja aliyeanika singa pamoja na dada yangu, na ndiye wa mwisho aliyebaki hai katika wale waliomwona mama yetu. Macho yake yamefifia, lakini akili yake ingali nzima, na tangu msiba ananiulizia kila siku wale wajukuu watakwenda lini kumwamkia. Mlio Tanga mjini hamhitaji kusubiri arobaini. Nendeni wiki hii, mchukue sukari na sabuni ya mche, na mfike kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa kuwa jua likishuka tu yeye hulala.

Babu yenu,
Muheza